Uso wenye vinguzo vya nano na ute wa bakteria ndani ya tangi la maji: sayansi inasemaje?

MwalimuMkomani (Lamu) ameuliza:

Asalaam aleikum ndugu zangu. Nafundisha biolojia katika shule ya sekondari hapa Lamu, na swali ninalolileta limeanzia nyumbani kabla ya kufika darasani. Sisi wa mjini tunategemea maji ya bomba yanayovutwa kutoka visima vya matuta ya Shela, na kwa kuwa hayaji kila saa, kila nyumba huyahifadhi. Wenye nyumba za zamani wana mabirika na majabia yaliyopakwa chokaa. Sisi wengine tuna matangi ya plastiki darini. Tangi likikaa muda bila kusafishwa, ukuta wake wa ndani, chini ya usawa wa maji, hushika ute mwembamba usio na rangi. Ukiupapasa unateleza, ukiumwagia maji hautoki, na ukiukwangua kwa ukucha unatoka vipande vipande vinavyojikunja. Nilichukua kidogo, nikakitia rangi na kukitazama kwa hadubini ya shule, nikaona kwamba ute huo ni bakteria waliosongamana.

Hivi karibuni muuzaji mmoja amekuwa akipita na kipande cha plastiki cha kuonyesha, akieleza kwamba tangi lake limepakwa ndani tabaka la nano lenye miiba isiyoonekana kwa macho, nayo huwachoma bakteria wakafa mara tu wanapougusa ukuta. Ili kutuhakikishia, alidondosha maji juu ya kipande kile, na matone yakaviringika yakaanguka bila kuacha unyevu. Bei ya tangi hilo inakaribia mara mbili ya bei ya tangi la kawaida. Nilipolisimulia jambo hili darasani, mwanafunzi mmoja akasema amewahi kusoma kwamba bawa la kerengende huua bakteria kwa umbo lake tu, bila dawa yoyote.

Naomba wenye ujuzi mnifafanulie. Je, habari ya bawa la kerengende ni ya kweli? Ikiwa ni kweli, uso huo unamuua bakteria kwa njia gani hasa, na je, jambo lililoonekana katika maabara linaweza kutegemewa ndani ya tangi lenye maji muda wote? Nauliza kwa sababu wapo majirani wanaotaka kununua kwa imani kwamba hawatahitaji tena kutia klorini wala kuosha tangi, na jambo hilo linanitia wasiwasi.

BintiMaabara (Malindi) amejibu:

Waalaikumu salaam Mwalimu, na ahsante kwa swali lililoulizwa kwa uangalifu. Kazi yangu ni ya maabara ya maji na vyakula, na mada ya bakteria na nyuso wanazozishika nimeifuatilia kwa miaka. Niruhusu nijibu kwa urefu, kwa sababu ndani ya maneno ya muuzaji yule mna ukweli mkubwa uliochanganywa na mambo ambayo hayahusiani nao.

Habari ya mabawa ni ya kweli. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Swinburne, Melbourne, wakiongozwa na Elena Ivanova na Russell Crawford, walichapisha matokeo yao kuhusu bawa la nyenje wa Australia anayeitwa Psaltoda claripennis. Bawa hilo limefunikwa na vinguzo vilivyopangwa kwa safu, kila kimoja kikiwa na kimo cha takriban nanomita 200, ncha ya mviringo yenye upana wa nanomita 60, na umbali wa nanomita 170 hivi kutoka kimoja hadi kingine. Nanomita 1 ni sehemu moja ya milioni ya milimita 1. Bakteria wa kawaida mwenye umbo la kijiti ana urefu wa nanomita 2,000 na upana wa nusu ya hapo, kwa hiyo akitua juu ya bawa analala juu ya makumi ya vinguzo kwa wakati mmoja. Watafiti walimtumia Pseudomonas aeruginosa, ambaye ni miongoni mwa bakteria wanaopenda sana kuishi kwenye mabomba na matangi, wakaona kwamba seli moja ilikufa ndani ya dakika chache tangu iguse bawa.

Jambo lililonivutia zaidi katika kazi hiyo ni jinsi walivyothibitisha kwamba sababu ni umbo na si kemikali. Bawa la nyenje kwa asili hulikataa maji. Walilipaka dhahabu nyembamba sana, ya unene wa nanomita 10 hivi, ambayo ilibadilisha kabisa kemia ya uso wake na tabia yake kuhusu maji, lakini ikaacha vinguzo vikiwa vimesimama vilevile. Bakteria waliendelea kufa. Wala bawa halikuwafukuza. Walilishika kwa urahisi, wakafia hapo hapo. Kwa hiyo ni kosa kudhani kwamba uso unaoua ni lazima uwe uso usioshikika.

Sasa njia yenyewe. Neno «miiba» analolitumia muuzaji linatuletea picha ya sindano inayotoboa, na mfano wa hesabu uliotolewa mwaka 2013 kuhusu bawa la nyenje unaeleza jambo jingine. Bakteria akijibandika, ukuta wake hushuka na kuvikumbatia vinguzo. Kadiri eneo linalogusana nao linavyoongezeka, ndivyo sehemu iliyobaki ikining'inia katikati ya vinguzo inavyovutwa. Fikiria puto lililojaa maji likiwekwa juu ya vijiti butu vilivyosimama karibu karibu: linabonyea kati ya vijiti, na likipasuka litapasukia pale katikati palipovutika, si kwenye ncha ya kijiti. Ndiyo maana ncha butu ya nanomita 60 inatosha kuua.

Kutokana na maelezo hayo utaona mara moja kwamba ugumu wa ukuta wa bakteria ni jambo la kuamua. Bakteria hugawanywa katika makundi mawili kwa jinsi wanavyoshika rangi ya Gramu. Wale wa Gramu hasi, kama Pseudomonas na Escherichia coli, wana tabaka jembamba la peptidoglikani, yaani wavu unaoupa ukuta ugumu, la nanomita chache tu. Wale wa Gramu chanya, kama Staphylococcus aureus, wana tabaka la nanomita 20 hadi 80. Bawa la nyenje liliwaua wa kundi la kwanza, na wa kundi la pili wakasalimika. Watafiti walipowadhoofisha ukuta kwa mawimbi ya maikrowevu, hao nao wakaanza kufa.

Kerengende wa mwanafunzi wako anaingia hapa. Mwaka 2013 kundi lilelile lilichunguza bawa la kerengende anayeitwa Diplacodes bipunctata pamoja na kitu kilichotengenezwa na binadamu, yaani silikoni nyeusi, ambayo hupatikana kwa kuichonga silikoni ya chipu za kompyuta kwa gesi iliyotiwa umeme mpaka uso wake ukawa na miiba ya kimo cha takriban nanomita 500. Vyote viwili viliua bakteria wa makundi yote mawili, na hata mbegu ngumu za Bacillus subtilis, ambazo hustahimili joto na ukavu. Kasi waliyoitangaza ilifikia seli 450,000 kwa dakika kwa kila sentimita 1 ya mraba.

Tuitumie namba hiyo kwa ajili ya tangi lako. Maikromita 1 ni nanomita 1,000. Sentimita 1 ya mraba ina maikromita za mraba milioni 100, na bakteria mmoja aliyelala huchukua takriban maikromita 2 za mraba. Kwa hiyo bakteria milioni 50 wanatosha kuifunika yote. Kwa kasi ile ya kuua, eneo hilo litakuwa limejaa maiti kwa muda usiofika saa 2, na bakteria atakayefika baada ya hapo atatua juu ya mabaki laini ya wenzake bila kugusa mwiba hata mmoja. Maji ya tangi hayana bakteria wengi kama maji ya maabara, hivyo mambo yataenda polepole zaidi. Lakini yataenda, kwa sababu ndani ya maji mna pia udongo, chembe za kutu, chumvi za chokaa na protini, na hivyo vyote hujibandika ukutani kabla hata ya bakteria kufika. Mdudu aliye hai bawa lake hukaa hewani, hukauka, na umande hulisafisha. Tangi halipati nafasi hiyo.

Kuna sababu nyingine inayonifanya nisitie imani yangu katika tangi la namna hiyo, nayo ni kwamba wanasayansi wenyewe bado wanajadiliana kuhusu kinachoua. Mwaka 2020 watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Bristol walionyesha kwamba juu ya vinguzo vya chuma cha titani, seli nyingi hazikupasuka kama ilivyotarajiwa. Baadhi zilitobolewa kidogo, ukuaji wa nyingine ulikwama, na ndani ya seli zikazaliwa kemikali kali za oksijeni zinazoharibu protini. Maana yake ni kwamba bakteria aliyebanwa anaugua kwa mfadhaiko hata kama ukuta wake haujararuka. Wengine wameonyesha kwamba maji yanapokauka juu ya vinguzo, nguvu ya uso wa maji ndiyo inayomkandamiza bakteria kwa nguvu nyingi. Ikiwa ukavu una mchango mkubwa hivyo, basi ukuta ulio chini ya maji mchana na usiku umeshapoteza sehemu kubwa ya silaha yake.

Na yale matone yaliyoviringika? Hilo ni jambo jingine kabisa. Ukitaka kuliona bure, chukua jani la jimbi, ulidondoshee maji, nayo yatakusanyika na kukimbia vilevile. Wilhelm Barthlott na Christoph Neinhuis walilieleza vizuri mwaka 1997 kwa kulichunguza jani la lotasi: uso wenye vinundu vidogo na nta huzuia hewa katikati ya vinundu, na tone hukaa juu ya hewa hiyo. Uso wa namna hiyo hujisafisha mvua inaponyesha. Ukiuzamisha majini kwa muda, hewa ile huyeyuka kidogo kidogo katika maji, maji huingia katika nafasi zilizobaki, na sifa yake huondoka. Muuzaji ameonyesha kwamba kipande chake hakilowani. Hajaonyesha kwamba kinaua kitu chochote.

FundiMatondoni (Lamu) amejibu:

Mwalimu na BintiMaabara, salamu. Mimi ni fundi wa vyombo, na nimesoma maelezo haya kwa furaha kwa sababu adui mnayemzungumzia tangini ndiye tunayepambana naye chini ya jahazi. Chombo kikikaa majini, kwanza ubao hushika utelezi, kisha majani, kisha vigamba vinavyokata mikono. Desturi yetu, tuliyoipokea kwa wazee, ni kukilaza chombo ufuoni maji yakipwa, tukakikwangua, tukakipitishia moto wa makuti kuua wadudu watobao mbao, halafu tukakipaka deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na shahamu. Mbao za juu tunazipaka sifa, ambayo ni mafuta ya ini la papa.

Ninalotaka kuuliza linamhusu papa mwenyewe. Sijawahi kumwona papa aliyeota majani wala vigamba mgongoni, ilhali kasa huota na nyangumi huota. Ngozi ya papa ukiipapasa kutoka kichwani kwenda mkiani ni laini, na ukirudisha mkono inakukwaruza. Je, ukwaruzaji huo ni katika jamii ya vinguzo hivi mnavyovieleza? Na je, deheni yetu ina kazi gani kwa jicho la sayansi?

BintiMaabara (Malindi) amejibu:

Fundi wangu, umeuliza jambo ambalo watu walilipatia umaarufu mkubwa. Anthony Brennan wa Chuo Kikuu cha Florida, akiwa katika utafiti uliofadhiliwa na Jeshi la Majini la Marekani mwanzoni mwa miaka ya 2000, aliliangalia swali hilohilo lako: kwa nini papa hashiki uchafu. Ngozi ya papa ina magamba madogo yenye umbo la meno, na kila gamba lina matuta yanayoelekea mkiani. Aliiga mpangilio huo juu ya mpira wa silikoni, akatengeneza matuta yenye upana wa maikromita 2 na kimo cha maikromita 3, yaliyoachana kwa maikromita 2. Uso huo huuzwa kwa jina la Sharklet. Katika majaribio ya mbegu za mwani wa Ulva, zile zilizotua zilipungua kwa takriban asilimia 85 zikilinganishwa na uso laini.

Lakini si jamii moja na mabawa. Matuta ya papa yana ukubwa wa maikromita, yaani ni makubwa mara nyingi kuliko vinguzo vya nyenje, na hayaui. Mbegu ya mwani yenye upana wa maikromita 5 haitoshei katika mwanya wa maikromita 2, kwa hiyo hubaki inayumba juu na kuondoka. Kwa bakteria, ambao wangeweza kutosha, matuta huyakata makundi yao yasiungane. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2007, Staphylococcus aureus walianza kuonekana kwa makundi kwenye uso laini kufikia siku ya 7, na kwenye uso wenye matuta hawakuonekana hivyo mpaka siku ya 21. Waliahirishwa, hawakuzuiwa daima, na hiyo ndiyo kauli ninayoiona kuwa ya haki kuhusu nyuso nyingi za aina hii.

Utaratibu ulioutaja, utelezi kisha majani kisha vigamba, ndio ule ule unaoandikwa vitabuni. Dakika chache baada ya ubao kuingia majini, molekuli za vitu vilivyooza hujibandika. Ndani ya saa kadhaa bakteria hufika, kwanza kwa kushika na kuachia, halafu kwa kujifunga kwa vinywele vyao na kutoa utomvu wa sukari na protini. Baada yao huja diatomu, yaani mwani wa seli moja, na mbegu za mwani, kisha watoto wa viumbe wenye vigamba.

Kuhusu deheni, chokaa mbichi ina ukali wa alkali ambao viumbe wengi hawaustahimili, na shahamu huzuia maji yasiingie mbaoni. Kisha deheni inapobanduka, inabanduka na waliokaa juu yake. Ukali wa chokaa hupungua inavyokutana na hewa na kugeuka kuwa kalisi kaboneti, na hilo linaeleza pia kwa nini jabia lililopakwa chokaa mpya hukaa safi mwanzoni, kisha baadaye hushika ute. Kwa hakika mimi naiheshimu sana njia hiyo. Mwaka 2001 mataifa yalikubaliana kuipiga marufuku rangi ya meli yenye tributilitini, kemikali ya bati, na mkataba huo ukaanza kutumika mwaka 2008, kwa sababu rangi hiyo iliharibu uzazi wa konokono wa baharini. Deheni haikuwahi kuleta balaa la namna hiyo.

MuuguziWaPwani (Malindi) amejibu:

Naomba niongeze neno kutoka wodini, kwa sababu nadhani manufaa makubwa ya nyuso hizi yako huko kuliko tangini. Mgonjwa aliyewekewa mpira wa mkojo au chuma cha kuunga mfupa anabeba ndani ya mwili wake uso ambao bakteria wanaupenda. Wakishaujengea ute, dawa za antibayotiki huwafikia kwa shida. Huhitajika kipimo kikubwa mara 10 hadi 1,000 kuliko kile kinachomuua bakteria huyohuyo akiwa peke yake majimajini, na mara nyingi hatuna budi ila kukiondoa kifaa chenyewe. Mwaka 1987 daktari wa mifupa Anthony Gristina alieleza kwamba juu ya kila kifaa kinachopandikizwa kuna mashindano kati ya seli za mgonjwa na bakteria, na atakayetangulia kuushika uso ndiye mshindi.

Kwa hapo vinguzo vya titani vinaleta matumaini, kwa kuwa seli ya binadamu ni kubwa mara nyingi kuliko bakteria, utando wake ni laini unaonyumbulika, na huweza kukaa juu ya vinguzo bila kudhurika. Uso unaomchelewesha bakteria kwa saa za mwanzo tu, mpaka seli za mfupa zijishike, utakuwa umefanya kazi yake yote. Tangi halina seli za kuja kuchukua nafasi. Ukuta wake ni lazima ushinde kila siku kwa miaka. Naona hiyo ndiyo tofauti ambayo majirani wa Mwalimu wanapaswa kuelezwa. Pia tusimpe mtu yeyote sababu ya kuacha klorini katika miji yetu, ambayo imewahi kuingiliwa na kipindupindu.

MwalimuMkomani (Lamu) ameandika:

Nawashukuru sana. Yamebaki mawili. Muuzaji, nilipomweleza kwamba matone yanayoviringika si ushahidi, alisema tabaka lake lina pia chembe za fedha. Na wanafunzi wangu wanataka kufanya jaribio la kweli kuhusu nyuso na ute, kwa vifaa vinavyopatikana Lamu. Hadubini yetu ni ya mwanga tu. Je, tunaweza kuviona vinguzo hivyo?

BintiMaabara (Malindi) amejibu:

Vinguzo hamtaviona, Mwalimu. Hadubini ya mwanga, hata iliyo bora, haitenganishi vitu vilivyokaribiana chini ya nanomita 200 hivi, na vinguzo vya nyenje viko ndani ya mpaka huo. Vinahitaji hadubini ya elektroni. Kwa hiyo ukimwomba muuzaji picha ya hadubini hiyo, pamoja na matokeo ya kipimo cha bakteria kilichofanywa juu ya uso uliokaa majini kwa wiki nyingi, utakuwa umemwomba jambo la haki kabisa.

Fedha nayo huua, na shaba huua pia. Zinaua kwa kuachia ayoni, yaani atomi zenye chaji ya umeme, zinazoingia katika bakteria na kuvuruga protini zake, hivyo umbo halina neno hapo. Ndiyo maana maji yaliyolala katika chombo cha shaba hupungua bakteria kwa kadiri saa zinavyopita, na mwaka 2008 shirika la mazingira la Marekani liliruhusu aloi za shaba zitangazwe kuwa zinaua bakteria. Ila chembe za fedha huisha kadiri zinavyotoka, na zikifunikwa na ute hazifanyi kazi kama mwanzo. Kwa tangi la nyumbani, klorini iliyobaki majini ndiyo inayomfuata bakteria popote alipo, hata yule ambaye hajaugusa ukuta. Shirika la Afya Duniani linataka isipungue miligramu 0.2 kwa lita mahali mtu anapochotea maji, na miligramu 0.5 baada ya nusu saa ya kuchanganywa. Maji yakiwa na tope, yachujwe au yaachwe yatuame kwanza, kwa sababu tope huila klorini.

Neno moja kuhusu kuosha, ambalo linatoka moja kwa moja katika mada yetu. Wengi huku pwani husugua tangi kwa mchanga au kwa brashi ya waya. Mchanga huacha mikwaruzo yenye upana wa maikromita moja au chache, na huo ndio upana wa bakteria. Kila mkwaruzo unakuwa pango ambamo maji yanayopita hayamfikii. Tangi lililosuguliwa hivyo hushika ute upesi kuliko lilivyokuwa jipya. Tumieni brashi laini ya nailoni au kitambaa, pamoja na maji ya klorini, na mmwage maji yote ya kuoshea kabla ya kujaza upya.

Jaribio la wanafunzi linaweza kuchunguza jambo hilohilo. Kateni vipande sawa vya plastiki ya aina moja. Vingine viacheni laini, vingine visugueni kwa mchanga, vingine kwa msasa mwembamba, na ongezeni vipande vya kioo na vya shaba. Vifungeni kwa uzi na kuvitumbukiza katika ndoo ya maji ya tangi yasiyotiwa klorini, vyote kwa kina kimoja na kivulini, ili mwani usije ukaharibu hesabu. Toeni vipande vya kila aina kwa nyakati tofauti katika muda wa wiki mbili. Kila kipande kioshwe taratibu kwa kukichovya katika maji safi, bila kumwagiwa kwa nguvu, kisha kilazwe kwa dakika 10 katika jenshani vayoleti, ile dawa ya zambarau ya vidonda inayouzwa kwenye maduka ya dawa. Ikiwa chupa inasema asilimia 1, changanyeni sehemu 1 ya dawa na sehemu 9 za maji. Vaeni glavu, kwa sababu rangi hiyo haitoki mikononi upesi, na msiziweke chupa karibu na watoto.

Baada ya hapo kichovyeni tena mara kadhaa mpaka maji yasitoke na rangi, mkikaushe, na mlinganishe zambarau iliyobaki. Mkitaka kipimo kilicho bora kuliko jicho, chukueni spiriti kwa kiasi kilekile kwa kila kipande, muiyeyushe rangi ndani yake, halafu mpange vikombe kuanzia chenye rangi hafifu hadi chenye rangi nzito. Muwe pia na kipande cha kila aina ambacho hakikuingia ndooni kabisa, kwa kuwa plastiki iliyokwaruzwa hushika rangi kidogo hata bila ute, na kiasi hicho ni lazima kiondolewe katika hesabu.

Waelezeni wanafunzi mapema kwamba rangi hii huwashika bakteria walio hai na waliokufa, pamoja na utomvu wao. Kipande cha shaba kikitoka na zambarau, haitakuwa dalili kwamba shaba haikuua. Ili kujua nani yuko hai, mtapangusa kipande kingine kilichokaa muda uleule kwa pamba safi iliyochemshwa, mkaipaka pamba hiyo juu ya sahani ya agari, yaani jeli ya kukuzia bakteria, na kuhesabu makoloni, yaani madoa ya bakteria walioota, baada ya siku moja au mbili kwenye joto la chumba. Sahani hizo zisifunguliwe tena baada ya kufungwa. Zikishahesabiwa zilowekwe katika maji ya jiki kwa saa kadhaa kabla ya kutupwa. Matokeo ya rangi na matokeo ya makoloni yakiwekwa katika jedwali moja, yatawaonyesha ni uso upi unaokataa kushikwa, na upi unaoua huku ukiendelea kubeba maiti.